Shajara ya Mshona Viti, Coventry

Jumatatu, 6 Machi 2023

Leo limeingia MGB la 1964, jeupe, ule weupe unaoelekea rangi ya maziwa ambao kiwanda kiliupa jina la Old English White. Vitasa vya nje ni vya kuvuta. Vya kubonyeza vilikuja 1965, kwa hiyo hata kabla ya kusoma kibati unajua gari limezaliwa upande gani. Kibati chenyewe kinaanza na GHN3: G ni MG, H ni injini ya kati ya sentimita za ujazo 1400 na 2000, N ni gari la wazi la watu wawili, 3 ni toleo lake. Yaliyotoka na usukani wa kushoto yaliongezewa L. Hili halina.

Mwenyewe ni mama mmoja, mwalimu, amelirithi kwa babake. Anataka viti vipya vya ngozi tupu, rangi ya krimu, milango ivishwe ngozi hiyohiyo, na dashibodi ya mbao. Bosi akaniambia nimpe bei, kazi ya ndani ni yangu.

Bei nitaitoa. Lakini wakati wa chakula cha mchana nilikaa ndani ya lile gari na moyo ukakataa. Viti ni vya kiwandani: ngozi nyeusi, paipini nyeupe. Milango ni ya kiwandani. Dashibodi ni bati lililopakwa ile rangi nyeusi inayojikunjakunja ikikauka, na hakuna aliyeitoboa. Hata tundu la redio lingali na kifuniko chake chenye herufi za MG. Karibu miaka 60, magari ya rika lake yametobolewa kuwekwa redio, kaseti, vipaza sauti mlangoni, na hili limepita salama.

Nataka kumwomba asiliguse zaidi ya pale linapohitaji. Anarudi katikati ya Aprili. Mpaka hapo niwe na maneno yaliyokaa sawa, na niwe na cha kumwonyesha.


Alhamisi, 9 Machi

Bosi amekubali nifungue kiti cha dereva, maana sponji yake imeoza na ingetoka kwa vyovyote.

Chini ya reli kuna vibao vyembamba vya mbao. Ndivyo kiwanda kilivyofanya, ubao kati ya reli na sakafu ya bati. Nimeshaona magari ambayo vibao hivyo vimetupwa kwa kudhaniwa ni kazi ya fundi wa mtaani aliyekosa washa, kisha kiti kikakaa chini kuliko kilivyokusudiwa na dereva akalalamika haoni vizuri. Nimevifuta, nikavifunga kwa uzi, nikaandika kulia, kushoto.

Kisha nikakilaza mezani kifudifudi. Hapa ndipo kazi ilipo. Mtu akiambiwa MGB la miaka ile lilikuwa na viti vya ngozi, anafikiri ngozi kila mahali. Sivyo. Ngozi iko pale mwili unapogusa: makalio, mapaja, mgongo. Ubavuni na nyuma ni reksini, imechaguliwa kwa rangi na vinyweleo hata jicho lipite bila kusimama. Vidole ndivyo vinavyojua. Ngozi ina vinyweleo visivyofanana, penye tumbo la ng'ombe vimelegea, penye mgongo vimebana. Reksini inarudia sura moja kila baada ya upana wa kiganja, na siku ya baridi kama leo inakuwa baridi mara moja mkononi.

Mafundi wengi hapa mjini, wakipewa kiti hiki, wanavisha ngozi pande zote na kumwambia mteja amepata kilicho bora kuliko cha kiwanda. Ngozi ni nzuri, sibishi. Lakini mwaka 1964 hapakuwa na MGB lililotoka kiwandani Abingdon likiwa hivyo, na anayeliona leo anadanganywa juu ya gari hili lilikuwa gari la nani. Lilikuwa gari la kijana mwenye mshahara wa kawaida. Reksini ya ubavuni ndiyo iliyomfanya aweze kulinunua.

Nimegeuza ukingo wa chini. Palipokunjwa, pasipofikiwa na jua, weusi ni mzito, wenye mng'ao kidogo. Juu umefifia ukawa wa kijivu. Sponji imekuwa unga wa manjano na inamwagika nikiigusa. Kiungo cha paipini, pale ncha mbili zinapokutana, kimewekwa nyuma chini ambapo hakuna atakayeangalia. Na kwenye kona ya kulia mshono umeyumba. Sindano ilikuwa inakuja vizuri, ikafika kwenye unene wa paipini iliyopinda, ikatoka nje kidogo, mshonaji akasimama, akarudi nyuma mishono michache, akaendelea. Uzi umepita juu ya uzi. Kona ya kushoto imenyooka kabisa.

Namjua huyu mshonaji. Simjui kwa jina, lakini kona hiyo naijua, maana kila kiti chenye paipini kinakusimamisha hapohapo. Kwenye makampuni ya BMC, waliokuwa wenye MG, kazi ililipwa kwa kipande, na anayelipwa kwa kipande hafumui mshono ulioyumba kidogo mahali ambapo hapatapasuka. Ameuimarisha, akasonga mbele. Na kweli haujapasuka.


Jumapili, 12 Machi

Nimetembea mpaka Quinton Road. Mabodi ya MGB ya wazi yalipigwa Swindon, yakaletwa hapo, tawi la bodi la Morris, kupakwa rangi na kuvishwa ndani, ndipo yakapelekwa Abingdon kumaliziwa. Kwa hiyo sehemu ya gari lililo mezani kwangu ilipita mwendo mfupi tu kutoka karakana yetu. Nilipoanza kazi mji huu sikulijua hilo.

Mshono ule haujaniacha. Nikawa nawafikiria wale wanawake wa Ford, Dagenham. Si gari la michezo, ni kampuni nyingine, lakini kazi ni ileile: kushona vifuniko vya viti. Mwaka 1968 wanawake 187 waliacha cherehani zao kwa sababu kazi yao iliwekwa daraja la wasio na ujuzi, tena kwa malipo pungufu ya mwanamume wa daraja hilohilo. Viti vikakosekana, na gari lisilo na viti haliuzwi. Barbara Castle, waziri wa ajira, akawaita wazungumze. Mgomo wao ulisukuma sheria ya malipo sawa ya 1970, ila daraja la wenye ujuzi walilipata 1984, baada ya kugoma tena.

Wasio na ujuzi! Mwite yeyote aliyeandika hivyo aje apindishe paipini kwenye kona ya kiti, ngozi nne chini ya mguu wa cherehani, huku saa inahesabu.


Jumamosi, 18 Machi

Cheti kimefika kutoka Gaydon. Makumbusho ya magari ya pale ndiyo yaliyohifadhi madaftari ya uzalishaji ya MG, Austin-Healey, Triumph na wengine, na ukiwapelekea namba ya chasisi wanakuandikia kilichomo: rangi ya nje, rangi ya ndani, tarehe, lilikopelekwa, na vitu vilivyofungwa kiwandani. Letu: nje Old English White, ndani nyeusi. Rimu za spoki. Hita.

Hita nimeipigia mstari. Kwenye MGB la miaka hiyo hita ilikuwa ya kulipia zaidi. Uingereza! Hata turubai la kukunja lilikuwa nyongeza. La kawaida ulikuwa unalitoa lote na fremu yake na kulipakia kwenye buti. Mtu aliyeagiza gari hili alikaa na karatasi ya bei, akapiga hesabu, akachagua joto na spoki.

Ndiyo maana nasema asili ya gari haisomwi kwenye picha za matangazo. Anders Ditlev Clausager, aliyekuwa mtunza nyaraka wa madaftari hayo, aliandika kitabu cha Original MGB, na humo mabadiliko yanafuatwa kwa namba za chasisi, kitu kimoja kimoja: usukani wa spoki za waya uliishi mpaka 1969, dashibodi ya bati la mikunjo iliendelea kwenye magari ya soko la hapa mpaka 1976, grili ikabadilika, viti vikabadilika. Kiwanda hakikulala na gari moja na kuamka na jingine. Kilimaliza kilichokuwa ghalani, kikaanza kipya. Abingdon hapakuwa hata na mkanda wa injini wa kuvuta magari. Yalisukumwa kwa mikono kutoka kituo hadi kituo, na yalitoka hapo MGB zaidi ya 500,000 kabla ya kufungwa Oktoba 1980.

Jambo la kunifurahisha zaidi, mimi mtu wa ngozi: MG walipohamia Abingdon mwaka 1929 waliingia kwenye sehemu ya kiwanda cha ngozi cha Pavlova. Nikimpata mwenye nafasi ya kunipeleka, nitakwenda kuona mahali penyewe.


Jumanne, 28 Machi

Siku ya sita ya Ramadhani. Kazi ya mikono haichoshi mtu aliyefunga. Harufu ya gundi ndiyo inayochosha, basi gundi naiacha ya asubuhi.

Baada ya kufuturu nikampigia mjomba, Mombasa. Kule ilikuwa tarawehe zimekwisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mwafungua saa ngapi huko?"

Tukaongea ya nyumbani, kisha nikamweleza habari ya kiti. Yeye ndiye aliyenifundisha cherehani, akishona viti vya matatu Mwembe Tayari, na nilijua atanipinga. Akanipinga. Akasema mteja akitaka krimu mpe krimu, kiti ni cha kukaliwa, si cha kuangaliwa.

Nikamwambia ngozi haijafa, imechanika mahali pamoja tu.

"Urefu gani?"

"Kama kidole."

Akanyamaza kidogo. "Kidole? Na nyuzi?"

"Nyuzi zimeshika, isipokuwa ubavu wa kulia."

"Basi hapo usinitaje. Mimi sikukufundisha kuizika ngozi iliyo hai. Na hata ukishona mpya, ile ya zamani usiitupe. Ukiifumua ndiyo paterni yenyewe. Ukiitupa utakata kwa kubahatisha, na kila atakayekuja baada yako atakata kwa kukufuata wewe."

Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta wiki zote hizi. Viti vya kunakili vinavyouzwa leo vingi vimenakiliwa kutoka vilivyonakiliwa. Sponji imejazwa mno, mistari ya kifuani imepishana kwa nusu inchi, paipini ni nene. Ukiviweka kando ya cha kiwandani, tofauti unaiona kutoka mlangoni. Na cha kiwandani kinazidi kuadimika kwa sababu kila mwenye pesa anakibadilisha kwa heshima.


Jumatano, 5 Aprili

Kwenye nafasi ya pili kuna Jaguar E-Type la 1961, limeletwa kufanyiwa breki. Jaguar walilizindua Geneva, Machi 1961, na magari takriban 500 ya kwanza boneti zao zilifungwa kwa kufuli za nje, kwa ufunguo maalumu, kabla ya kuhamishiwa ndani. Sakafu za mwanzo zilikuwa tambarare. Warefu walilalamika miguu haikai, sakafu ikashushwa mwaka uliofuata. Katikati ya dashibodi ni bamba la alumini lenye nakshi ya vidoa. Baadaye nakshi ikawa ya misalaba, kisha wakaachana na alumini, wakavisha weusi.

Kasoro hizo leo ndizo zenye bei. Kufuli ya nje na sakafu tambarare zinapandisha thamani ya gari, na palipo na pesa pana wa kughushi: wapo wanaotoboa boneti ya 1963 ili ionekane ya 1961. Bamba la vidoa linatengenezwa upya na linauzwa wazi.

Sina ugomvi na bamba jipya. Gari lililopoteza la kwake lihudumiwe, na mwenyewe aseme ni jipya. Ugomvi wangu ni na anayenunua vidoa ili avae umri usio wake, na papo hapo anang'oa kitambaa cha kweli cha kiwandani kwa kuwa kimefifia. Niliwahi kuona kwenye maonyesho gari lililopewa sifa ya kuwa kama lilivyotoka kiwandani, na boliti za ndani zote zilikuwa za chuma cha pua zenye tundu la pembe sita. Hakuna aliyeinama kuangalia. Skrubu za milango zinastahili kutazamwa kuliko mng'ao wa rangi: kichwa chenye mfuo mmoja, kichwa cha msalaba, washa ya kikombe chini yake. Skrubu haisafishwi kwa ajili ya picha, basi mara nyingi ndiyo inayosema kweli.

Kwenye E-Type hili skrubu ni za umri wake. Nimemwambia fundi wa breki asiziguse.


Ijumaa, 14 Aprili

Amekuja baada ya sala ya Ijumaa, nikiwa nimesharudi.

Sikumwanzia kwa hoja. Nilimweka mbele ya meza, taa karibu, nikamwomba apitishe kidole kwenye makalio ya kiti kisha ubavuni. Akarudia. Akauliza kwa nini vinatofautiana, nikamweleza. Akacheka kwa mshangao: miaka yote aliamini babake ndiye aliyetia reksini ubavuni kwa ubahili. Kisha nikamwonyesha kona iliyoyumba na kona iliyonyooka. Nikamweleza habari ya kipande, ya Quinton Road, ya Dagenham. Aliitazama ile kona muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akauliza kama mwanamke yule atakuwa hai. Nikamwambia kama alikuwa na miaka 20 wakati huo, sasa yu karibu 80, inawezekana sana.

Akauliza swali zuri: kama asili ni kile kiwanda kilichofanya, je, hata kibaya kikae? Nikamweleza ya Marekani. Kuanzia 1968 sheria za usalama za kule zilidai dashibodi isiyoumiza kichwa, na Abingdon wakavisha MGB za soko hilo dashibodi nene ya sponji ambayo wapenzi wa magari waliipachika jina la mto wa Abingdon. Haikuwa hata na kijaluba cha glovu. Sheria nyingine ilidai wipa zifute sehemu kubwa zaidi ya kioo, na kioo cha gari hili ni kifupi na kipana, basi wakafunga wipa tatu. Kwa macho yangu mto ule haupendezi. Lakini MGB la 1969 lililouzwa California likiwa na mto na wipa tatu ndivyo lilivyo, na anayeng'oa mto na kuweka bati la mikunjo analifanya lionekane la Uingereza na kufuta mahali lilipoishi. Ndiyo, kibaya kikae.

Amekubali. Viti vinabaki, milango inabaki, dashibodi inabaki. Sponji itakuwa mpya, maana unga haukaliwi.

Kwenye usukani hatukukubaliana. Gari lina usukani wa mbao ambao babake aliununua mwenyewe na kuufunga. Ule wa kiwandani, mkubwa, wa spoki za waya, umo darini kwake umefungwa gazeti. Mimi ningeurudisha. Yeye akasema mikono ya babake ilishika huu, na hautoki. Sikubishana zaidi. Nilimsihi tu wa darini usiuzwe, na akitaka kuliuza gari ule usukani uende nalo.


Jumatano, 26 Aprili

Idi imepita, nimerudi mezani.

Ngozi niliiosha kwa sabuni laini na kitambaa chenye unyevu kidogo tu, mara kwa mara, mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Ngozi za magari za enzi hizo zimepakwa rangi juu, kwa hiyo nyufa nyingi unazoziona ni za rangi, si za ngozi yenyewe. Ukikimbilia kiraka unatibu ugonjwa ambao haupo. Niliilainisha taratibu kwa mafuta ya ngozi, kidogo leo, kidogo kesho. Mpasuko nimeupitishia kitani kwa ndani, gundi inayokubali kupinda, kisha nikaukutanisha. Rangi nimeitia kwenye mstari wa mpasuko pekee. Mahali palipofifia pamebaki pamefifia, dereva alipanda na kushuka hapo miaka yote hiyo.

Ubavu wa kulia, uzi ulipokufa, nimeshona kwa mkono, sindano mbili, nikipita kwenye matundu yaleyale ya zamani. Cherehani ingetoboa mapya kando yake, na ngozi ya umri huo ikitobolewa mara mbili inachanika kama stempu. Ni kazi ya polepole. Unasikia sindano inapolipata tundu, haipingi. Ikipinga, umekosea njia, rudi. Kwenye ile kona nimesimama kabla ya mishono iliyorudiwa, nikaanza tena baada yake. Hapo sikutia uzi wangu.

Sponji ya zamani nimebakiza kipande, nimekitia kwenye bahasha pamoja na uzi uliotoka, picha, nakala ya cheti, na karatasi inayosema kipi kipya na kipi cha kiwandani, kwa tarehe. Bahasha imo chini ya kiti cha abiria. Fundi atakayekifungua baadaye asilazimike kukisia.

Bosi amepiga hesabu. Kwa mteja bei imekuwa ndogo kuliko viti vya krimu, kwetu saa zimekuwa nyingi. Tumezungumza. Amesema kazi za namna hii tutaziandika bei yake mbali, kwa saa, na hatazikataa. Nimeridhika na hilo.

Jumatatu linaingia Triumph TR4 la 1962. TR4 za mwanzo zilitoka na dashibodi nyeupe hata gari likiwa jekundu au kijani. Mbao ilikuja baadaye kama nyongeza. Hili limebandikwa ubao, na mwenyewe anataka ubao mwingine unaong'aa zaidi. Nimemwomba bosi tusitoe bei kwanza. Nataka nilegeze skrubu za upande mmoja, niinue ubao kidogo, nione kama weupe ungali chini yake.